Transista zinaungua kila ukibadilisha: kutafuta chanzo kwenye chaja yenye kikomo cha mkondo

"Fundi, nimebadilisha transista mara tatu, na bado zinaungua." Maneno haya huja pamoja na chaja au pawasaplai ya volti 13.8 yenye transista kubwa za nguvu za 2N3055 kadhaa nyuma yake, na mwenye nayo huwa anashangaa kweli. Saketi si ina kikomo cha mkondo? Mbona hakikuilinda?

Kikomo kile kinalinda betri, waya na transfoma. Transista hakiilindi. Kinapoanza kazi ndipo transista inapobeba mzigo mzito kuliko wakati wowote, kwa kuwa volti zote ambazo mzigo hauzitumii zinabaki juu ya transista, na mkondo ukiwa bado mkubwa. Ukilishika hilo, nusu ya utafutaji wa chanzo umeshakwisha.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, maana chaja nyingi za aina hii zinafanana. Transfoma inatoa volti 18, inafuata daraja la dayodi linalogeuza umeme wa AC kuwa DC, kisha kapasita ya µF 22,000. TIP41C, transista ndogo kidogo, inazisukuma 2N3055 tatu zilizopangwa sambamba, kila moja ikiwa na rezista ya omu 0.1 kwenye emita, mguu unaotoa mkondo (kolekta ndiyo inayouingiza, beisi ndiyo inayouamrisha). Baada ya hapo mkondo wote unapita kwenye rezista tatu za omu 0.22 zilizounganishwa sambamba, yaani omu 0.073. Mkondo ukifika karibu ampea 9, juu ya rezista hizo kunakuwa na volti 0.65, transista ndogo ya BC547 inafunguka na kuunyonya mkondo uliokuwa unakwenda kwenye beisi ya TIP41C. Kama yako inaendeshwa na LM723, IC ya kudhibiti volti, hutaiona BC547. Kazi hiyo inafanywa na transista iliyo ndani ya IC, kati ya miguu ya 2 na 3.

Kabla ya kugusa

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Kapasita ya µF 22,000 iliyojaa volti 25 ina nguvu ya kuunguza ncha ya bisibisi, kwa hiyo usiipige shoti. Ipitishie rezista ya omu 100 ya wati 5 kwa sekunde kumi hivi, halafu pima uone imeshuka chini ya volti 1.

Upande wa transfoma unaopokea umeme wa nyumbani, volti 230 au 240, unaua. Kama hujazoea upande huo, au ukigusa chasisi unahisi mtekenyo, au transfoma inatoa harufu ya vanishi iliyoungua, simama hapo hapo umkabidhi fundi umeme mwenye leseni. Kapasita iliyovimba kichwa nayo usiiwashe tena hata kwa majaribio.

"Fyuzi inakatika papo hapo ninapowasha"

Wengi hukimbilia transista. Anza na daraja la dayodi, ndilo linalopiga shoti mara nyingi zaidi. Chomoa nyaya za transfoma zinazoingia kwenye daraja, weka mita kwenye alama ya dayodi, pima kila jozi ya miguu pande zote mbili. Ukipata sifuri pande zote, limekwisha.

Kama daraja ni zima, angalia maika, kile kikaratasi kinachozuia umeme kati ya transista na hitisinki (bati la kupozea). Kwenye 2N3055 gamba la chuma lenyewe ndiyo kolekta, na kwa kawaida liko kwenye volti za kapasita. Maika ikichanika, au kile kibushi cha plastiki kwenye skrubu kikiyeyuka, gamba linaigusa hitisinki, hitisinki inaigusa chasisi, na fyuzi inakwenda. Pima kati ya gamba na hitisinki ukitumia alama ya omu: mita isisome chochote. Nimeshaona mabaki madogo ya chuma ya kutobolea tundu yakiwa yametoboa maika na kujificha chini ya pesti nyeupe ya kupitisha joto, kwa hiyo lisugue tundu hadi liwe laini kabla ya kufunga.

Mwisho kabisa ndipo ushuku kapasita kubwa.

"Inatoa volti 24 badala ya 13.8"

Ondoa betri na redio haraka. Volti hizo zitachemsha betri ya asidi, na betri ikichemka inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo. Kama ilikuwa inachaji betri ya lithiamu katika hali hiyo, itoe nje, iache mbali na vitu vinavyoshika moto, na usijaribu kuitumia tena.

Chanzo cha kwanza ni 2N3055 iliyopiga shoti kati ya kolekta na emita. Transista za nguvu zikifa kwa joto mara nyingi hufa hivyo, zikiwa zimefunguka moja kwa moja. Zikiwa tatu sambamba, moja ikipiga shoti zote zitasoma shoti, kwa hiyo inyofoe emita ya kila moja kwenye saketi uipime peke yake. Nzima itakupa takriban volti 0.5 hadi 0.65 kutoka beisi kwenda emita, na vivyo hivyo kutoka beisi kwenda kolekta, ukiweka waya mwekundu kwenye beisi. Kati ya kolekta na emita isisome kitu.

Kama zote ziko salama, pima TIP41C kwa njia ile ile. Mara nyingi inakufa pamoja na zile kubwa, ila wakati mwingine haipigi shoti kamili, inavuja tu. Fundi huiacha, na transista mpya zinakuta mlango uko wazi. Mimi nikibadilisha 2N3055 yoyote iliyopiga shoti, TIP41C na BC547 nazitoa bila kujadili. Bei yake ni ndogo kuliko seti nyingine ya 2N3055.

Na chaja ambayo haina ulinzi wa volti kuzidi, nakuomba uiwekee: SCR, aina ya swichi ya kielektroniki, kwenye njia ya kutolea umeme, iwake volti zikipita 15.5 hivi na kukata fyuzi iliyo kabla ya kolekta. Transista ikipiga shoti, kikomo cha mkondo hakina tena cha kukiamrisha.

"Nimeweka mpya, zimekaa dakika tano zikafa"

Hapa ndipo kwenye kazi, na hapa hesabu inasaidia kuliko kubahatisha spea.

Chaja ikitoa ampea 9 kwa volti 13.8, kapasita inakuwa na wastani wa volti 21 hivi. Ukitoa volti 1 inayobaki kwenye rezista, juu ya transista kuna takriban volti 6. Sita mara tisa ni wati 54, yaani wati 18 kwa kila 2N3055. Sasa tuseme nyaya za kutolea zimegusana. Mkondo ni ule ule ampea 9, lakini juu ya transista kuna volti 20. Hizo ni wati 180, wati 60 kwa kila moja.

"Lakini kwenye karatasi ya kiwanda 2N3055 ni ya wati 115!" Ndiyo, gamba lake likiwa kwenye nyuzi 25. Chumba chenyewe mchana wa Dar es Salaam au Mombasa kinaipita hiyo. Ndani ya 2N3055 joto hupanda nyuzi 1.52 kwa kila wati kutoka gamba hadi kwenye silikoni, na maika yenye pesti huongeza karibu nyuzi 0.5. Tuseme nyuzi 2 kwa wati. Hitisinki ya wastani yenye nyuzi 0.5 kwa wati, ikibeba wati 180, inapanda nyuzi 90 juu ya hewa. Chumba kikiwa na nyuzi 35, hitisinki inafika 125. Ongeza wati 60 mara 2, yaani 120. Silikoni iko kwenye nyuzi 245, na mwisho wake ni 200.

Katika kazi ya kawaida hesabu hiyo hiyo inakupa nyuzi 98, na chaja inaishi miaka. Ndiyo maana inakaa vizuri hadi siku mtu anapoifunga kwenye betri iliyokufa kabisa au kugusisha vibanio, kisha lawama inaiangukia transista.

Basi kagua kwa mpangilio huu. Kwanza mgusano wa joto: skrubu zote mbili zimekazwa? Maika ni mpya na haina mkunjo? Pesti iwe utando mwembamba. Ukiirundika kama siagi kwenye mkate inazuia joto badala ya kulipitisha. Maika kavu bila pesti inaweza kuiua transista peke yake. Baadhi ya vifaa vya zamani vina viwekeo vyeupe vya kauri vilivyotengenezwa kwa berili, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Usivivunje wala kuvisugua.

Pili feni na vumbi. Tatu TIP41C yenyewe: wakati wa shoti inapitisha karibu ampea 0.4 huku volti 20 zikiwa juu yake, yaani wati 8 hivi. Bila hitisinki inaweza kubeba wati 2 tu. Chaja nyingi za kujitengenezea huiacha ikining'inia kwenye ubao, halafu inakufa ya kwanza na kuziburuta kubwa.

Nne, transista feki. Hili linaniuma, kwa sababu mteja analipa mara mbili na fundi ndiye anayeonekana hajui kazi. Mita haitakuonyesha feki. Dayodi zake zinasoma vizuri. Jaribu hivi: taa ya gari ya volti 12 wati 21 kutoka chanya kwenda kolekta, emita kwenye hasi, na beisi ipate volti 12 kupitia rezista ya omu 100 ya wati 5. Taa iwake kamili, na kati ya kolekta na emita usome chini ya volti 1. Ikishindwa hapo, irudishe dukani. Ikipita, bado haijathibitisha kuwa inaweza kubeba joto, kwani feki nyingi zina kipande kidogo cha silikoni ndani ya gamba kubwa. Ukinunua kumi na una shaka, toa moja kafara, kata kifuniko chake. Silikoni ikiwa ndogo kama kichwa cha kiberiti, tisa zilizobaki zisikaribie chaja hii. Binafsi napendelea 2N3055 zilizong'olewa kwenye amplifaya za zamani kuliko mpya zisizojulikana zilikotoka.

Na ikiwa yote hayo yako sawa? Basi mchoro wenyewe ndio uliozidiwa, na kuongeza transista tu hakutoshi. Weka sita: kila moja inapata wati 30, lakini hitisinki bado iko kwenye nyuzi 125 na silikoni inafika 185. Ongeza na feni ya nguvu inayoishusha hitisinki hadi nyuzi 0.25 kwa wati, na silikoni inabaki karibu 140. Njia ya bei nafuu zaidi ni kiswichi cha joto kama KSD301 cha nyuzi 75, kile kinachokata kikipata moto, ukibane kwenye hitisinki karibu na transista ya katikati na ukiunganishe kwenye njia ya mkondo unaokwenda beisi ya TIP41C. Volti za hapo ni ndogo, huna haja ya kugusa umeme wa ukutani. Nzuri kuliko zote ni kubadilisha kikomo kiwe kinachojikunja, yaani volti za kutolea zikishuka na mkondo nao ushuke. Kikijikunja hadi ampea 3 wakati wa shoti, wati 180 zinakuwa 60.

"Moja inaunguza mkono, mbili ni baridi"

Usipime rezista za emita kwa alama ya omu. Nyaya za mita zenyewe zina omu 0.2 au zaidi, kwa hiyo omu 0.1 hutaiona. Wekea chaja mzigo na upime milivolti juu ya kila rezista. Kwa ampea 9 kila moja inatakiwa isome karibu milivolti 300. Tofauti ya 20 au 30 haina neno.

Ukikuta milivolti sifuri, transista hiyo haifanyi kazi: waya wa beisi umeachia, risasi ya kulehemu imepasuka, au silikoni imekatika ndani. Mbili zilizobaki zinabeba ampea 4.5 kila moja na siku zake zinahesabika. Ukikuta rezista moja inasoma volti nyingi kuliko wenzake huku transista yake ikiwa baridi, rezista yenyewe imekatika. Zile nyeupe za kauri hukatika ndani huku nje zikionekana nzima. Na ukikuta moja ina 600 na nyingine 150, transista hazilingani. Badilisha zote tatu kwa pamoja, za aina moja na za fungu moja.

Kuna watu huziondoa rezista hizi wakisema zinapoteza volti. Tafadhali zirudishe. Transista ikipata joto, volti za beisi zinazoifungua hushuka karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi, hivyo yenye joto hupokea mkondo mwingi zaidi, inazidi kupata joto, na mzunguko huo huishia kwenye shoti.

"Kikomo kilikuwa ampea 9, sasa kinakata kwenye 7"

Kama asubuhi ni 9 na baada ya nusu saa ni 7, hakijaharibika kitu. BC547 iko karibu mno na hitisinki. Ikipanda nyuzi 60, volti yake ya 0.65 inakuwa 0.53, na kikomo kinashuka hadi ampea 7.2. Isogeze penye hewa.

Kama ni 7 hata ikiwa baridi, angalia risasi kwenye rezista za omu 0.22. Moja ikikatika zinabaki mbili, omu 0.11, na kikomo kinaanguka hadi karibu 6. Kikomo kikipotea kabisa, BC547 imekatika au rezista ya omu 100 kwenye beisi yake imeungua. Hapo usijaribu kwa kugusisha nyaya "uone kama inakata".

"Umeme ulikatika, uliporudi chaja imekufa"

Hili linakuja mara nyingi kwetu, na sababu yake haijulikani sana. Umeme ukikatika betri ikiwa imefungwa, kapasita inaisha, beisi inashuka kuelekea sifuri, lakini emita bado iko kwenye volti 12 za betri. Beisi na emita zinapata volti kinyume, na 2N3055 inavumilia 7 tu upande huo. Haifi siku hiyo hiyo kila mara. Inadhoofika kidogo kidogo, inahitaji mkondo mwingi zaidi wa beisi, TIP41C inazidi kupata moto, na siku moja zinaondoka pamoja.

Tiba ni dayodi ya ampea 10 au zaidi kutoka upande wa kutolea kurudi kwenye kapasita, mshale ukiielekea kapasita. Ukitaka betri isiiendeshe chaja umeme usipokuwepo, weka dayodi ya Schottky mfululizo na njia ya kutolea, halafu uongeze volti kidogo kufidia kinachopotea.

Kwa mteja aliyegeuza vibanio, weka dayodi nene kukingama njia ya kutolea, kathodi (upande wa ncha ya mshale) kwenye chanya, pamoja na fyuzi kwenye waya wa betri. Bila hivyo, transista inajikuta na volti 30 na zaidi juu yake, huku kikomo kikiendelea kupitisha ampea 9.

"Imekufa ikiwa baridi kabisa"

Gamba halikupata joto, lakini ndani kumepiga shoti. Shuku mota, relei au koili iliyofungwa kwenye chaja bila dayodi. Kisha shuku mtetemo wa umeme: nyaya ndefu za beisi zinaifanya saketi ijitetemeshe kwa kasi ambayo mita haiioni. Kama una oskiloskopu, angalia njia ya kutolea ukiwa na mzigo. Kama huna, fupisha nyaya, weka kapasita ya nF 100 kati ya kolekta na hasi karibu kabisa na transista, na rezista ya omu chache kwenye beisi ya kila moja.

Waliobadilisha 2N3055 kwa mosfeti ya IRFZ44N wakivutiwa na ile "ampea 49" nawaomba warudi. Mosfeti hiyo imetengenezwa kwa kuwasha na kuzima. Ukiiweka nusu wazi, volti 20 na ampea kadhaa, sehemu moja ndogo ya silikoni hupata joto, hufunguka zaidi na kuungua kabla hitisinki haijawa hata vuguvugu. Rezista kwenye sosi, mguu wake unaofanana na emita, haziisaidii vya kutosha.

Kuirudisha kazini

Usiiwashe moja kwa moja. Funga taa ya nyuzi ya wati 100, si ya LED, mfululizo na waya wa umeme unaoingia. Ikimweka mara moja na kufifia, vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu bila mzigo, zima. Kuna shoti bado.

Pima kutolea: volti 13.8. Ondoa taa ya mfululizo, funga taa moja ya mbele ya gari ya wati 55, pima milivolti kwenye emita zote tatu. Ongeza ya pili. Sasa uko kwenye ukingo wa kikomo, volti zinaweza kuyumba kidogo. Kisha gusisha njia ya kutolea kupitia ampeamita inayobeba ampea 10 au zaidi, kwa sekunde mbili tu, usome karibu 9. Mwisho acha taa mbili ziwake dakika 20 na upime joto la gamba la kila 2N3055. Nyuzi 70 hivi ndiyo kawaida yake. Moja ikifika 90 huku wenzake wako 70, zima, fungua transista hiyo, ubadilishe maika.